Gololi ya Kumi

Jumatatu, 18 Novemba

Daftari hili kanipa Ashatu, mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, niandike magari yanayoingia gerejini kwake hapa Zinga: namba, ugonjwa, jina la mwenyewe. Nimeandika mawili nikachoka. Gari halina umbea. Nimeligeuza daftari, naanzia nyuma, naandika ya watu.

Mimi ni Bwanausi, fundi mstaafu wa malori, darasa la nne, jicho moja zima na la pili linasaidia. Kazi yangu gerejini ni kukalia tairi bovu na kuwaudhi wateja. Ashatu anasema wateja wanarudi kwa ajili yangu. Mke wangu Shufaa anasema wanarudi kuangalia kama nimeshakufa.

Vuli imeanza. Bati linavuja pale pale penye tairi langu.

Alhamisi, 21 Novemba

Mahfoudh kaleta pikapu. Huyu ana duka mjini Bagamoyo, tumejuana tangu sote tuna nywele. Msimu wa mananasi huipeleka pikapu Kiwangwa, mwanawe Muadh anapakia na kuyafikisha Dar. Gari la dizeli, la zamani, halina kompyuta, lina tabo.

"Bwanausi, hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie, Bwana Mahfoudh, unishikie nafasi."

Ugonjwa: ikibeba mzigo jua kali, inachemka na nguvu inakata. Ashatu kasikiliza, kafungua boneti, kasema intakula imechoka. Wasiojua niwaeleze. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, inasukuma upepo ndani ya injini. Upepo ule hutoka wa moto. Intakula ni kama rejeta ndogo ya kuupoza kabla haujaingia. Ya Mahfoudh ilikaa juu ya injini, imejaa udongo mwekundu wa Kiwangwa. Ashatu anataka kuweka kubwa, mbele kabisa nyuma ya bampa, ipigwe na upepo wa njia.

"Sisi tulikuwa tunapoza kwa ndoo ya maji," nikasema.

"Ndiyo maana malori yenu yote yamefia porini, mjomba," akanijibu bila kugeuka.

Jumatatu, 25 Novemba

Ashatu kashinda anachomelea mabomba. Kila bomba analipima kwa uzi mara tatu. Nimemwambia anashona kanzu. Kacheka.

Kaingia mteja mgeni. "Samahani dada, fundi yuko wapi?" Kamwuliza yeye huku ananitazama mimi.

"Fundi ndiye huyo," nikamwambia. "Mimi ni spea."

Nimesema vizuri mbele za watu. Ila humu naandika kweli: alivyonitazama nilipenda.

Alhamisi, 28 Novemba

Wameijaribu hadi Kerege na kurudi. Ashatu alifunga geji ya muda ya kupima presha ya upepo, kaisoma njia nzima, karudi kaitoa. Kumi na nne. Kaandika kwa rangi nyeupe upande wa ndani wa boneti: 14.

"Isizidi hapo," kamwambia Muadh. "Injini hii ina miaka yake. Kumi na nne inabeba mzigo na inarudi nyumbani."

Muadh kaitika, uso kama wa mtu aliyepewa uji siku ya Idi.

Jumanne, 3 Desemba

Ashatu kaenda mjini kununua filta. Nilikuwa nimeipindua baiskeli yangu, naitia grisi gurudumu la mbele, gololi zote nimezimwaga kwenye kifuniko cha kopo. Muadh kaingia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Gari limekukataa?"

"Halichemki tena, alhamdulillahi. Lakini linachelewa. Nikikanyaga naweza kusoma Yasini nzima ndipo livute."

"Fundi kasemaje?"

"Kasema intakula ni kubwa, upepo unachukua muda kuijaza. Kasema nijifunze kukanyaga taratibu." Akachuchumaa karibu yangu. "Babu, enzi zenu mlikuwa mnafanyaje?"

Swali hilo. Miaka minane sijaulizwa swali hilo.

Tabo ina kimpira chembamba kinachokwenda kwenye kilango pembeni. Upepo ukizidi, unapita katika kimpira, unasukuma kilango, moshi unapita kando na tabo inapunguza kasi. Kikizibwa kimpira, kilango hakipati habari, na tabo inasukuma mpaka ichoke yenyewe. Enzi zetu tulikuwa tunatumbukiza gololi ya baiskeli. Lori likipanda kilima linapiga mluzi, na wewe dereva unaona umeoa upya. Lakini malori yale yalikuwa chuma juu ya chuma, pikapu hii siyo, na hilo nilikuwa nalijua vile vile.

Nikamtuma Muadh kahawa. Nikaokota gololi moja kwenye kifuniko, nikafungua klipu ya skrubu inayobana kimpira, nikaitumbukiza, nikafunga. Aliporudi na kahawa nilikuwa nimeshikilia boneti, nanong'ona.

"Babu, unafanya nini?"

"Naisomea dua. Jaribu."

Akaenda, akarudi baada ya robo saa, meno yote nje. "Babu, dua gani hii?"

"Ya ukoo. Haisomwi mbele ya wanawake, kwa hiyo usimwambie fundi."

Nimerudishia gurudumu langu. Upande mmoja gololi kumi, upande wa pili tisa.

Ijumaa, 6 Desemba

Baiskeli inalia. Kr, kr, kr, nikikanyaga na nisipokanyaga. Watoto wa barabarani wananijua ningali mbali: "Babu huyo."

Jumamosi, 14 Desemba

Mananasi yamefika kilele, Muadh anakwenda mara mbili kwa siku. Kaniletea manne. Shufaa kauliza ya nini. Nimesema ya dua.

Mahfoudh kapita, kasimama mlangoni, kasema kwa sauti ili barabara isikie: "Ashatu, binti yangu, mkono wako una baraka. Gari linaruka." Tangu hapo zimeingia gari tatu kwa sifa hiyo. Ashatu alifuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Alikuwa na furaha na hakujua aiweke wapi.

Nami nimekaa kwenye tairi langu nimenuna, kwa kuwa sifa ile ni yangu. Nina miaka sabini na mbili.

Alhamisi, 26 Desemba

Pikapu imekuja kubadilishwa oili. Nilikuwa nimeshanuia leo niitoe gololi, maana nimeuona moshi wake ukiondoka: mweusi, mzito. Ashatu alikuwa chini ya gari, boneti wazi, mkono wangu umeshafika kwenye klipu. Muadh akasema, "Babu, isomee tena." Wateja wawili wakacheka, wakasogea waone. Nikasoma. Watu wakafurahi.

Klipu niliiacha kama ilivyo.

Jumatano, 1 Januari

Mvua imekatika. Jua linachoma mpaka lami inanata kwenye ndala.

Jumanne, 7 Januari

Hakuna jipya. Kr, kr, kr.

Jumamosi, 11 Januari

Naandika kabla ya Isha. Atakayesoma anisamehe hati.

Saa nane mchana Ashatu kapigiwa simu. Muadh alikuwa anatoka Kiwangwa na mzigo mpaka juu ya kingo za bodi, anapanda kilima. Gari likapiga mluzi, likatoa kishindo kimoja, likazima. Akashuka, akafungua boneti, na kwa haraka ya ujana akashika kifuniko cha rejeta. Maji yamemwunguza mkono wa kulia, kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko.

Ashatu kakodi bodaboda, kaenda, kampeleka hospitali. Mananasi yamebaki kando ya barabara. Wapita njia wameyasaidia kupungua.

Lori limeivuta pikapu mpaka gerejini saa kumi na moja. Nilikuwa peke yangu. Dereva kaniachia, kaondoka.

Nilifungua boneti. Kwanza niliiona ile 14 nyeupe, safi, hata haikupata moshi. Kisha nikashika klipu.

Ningeiacha ile gololi mahali pake, Ashatu angeikuta kesho. Asingehitaji kuniuliza: angetazama gololi, angetazama baiskeli, yangekwisha. Nililijua hilo nikiwa nimeshika bisibisi. Nikalegeza, nikaitoa, nikaipangusa kwa shati, nikaitia katika kikopo changu cha ugoro. Klipu nikaifunga. Nikakalia tairi langu nikawangoja, kama mzee mwenye huzuni.

Ashatu karudi maghrib, kanga imelowa jasho. "Kalala, mjomba. Wamempa dawa ya maumivu. Anasema hakukanyaga sana."

"Pole, mwanangu," nikasema.

Hilo ndilo neno nililokuwa nalo.

Jumatano, 15 Januari

Kaifungua injini. Gasketi imekatika, hedi imepata ufa, pistoni ya tatu imetoboka katikati. Upepo ulizidi, na pampu ikafuata kwa dizeli, moto ukala chuma.

Kapima kila kitu upya kwa uzi wake. Kisha kaikamata ile klipu, kaitazama.

"Mjomba, mimi klipu nafungia skrubu juu, ili bisibisi ifike kirahisi. Siku zote. Hii imefungiwa chini." Akaigeuza kwa kidole. "Siku ile nilikuwa nawaza nini?"

Nilimwambia labda alichoka.

Ni mimi niliyesema hivyo. Nimerudia kulisoma neno hilo mara mbili, ni hati yangu.

Jumatatu, 20 Januari

Mahfoudh kaja. Hakuniuliza kama nimekufa. Kasimama mbele ya injini iliyotawanywa juu ya turubai.

"Niliambiwa, Ashatu. Watu wazima waliniambia, injini humpi mwanamke. Nikasema huyu kasoma chuoni, na mjomba wake yupo, atamwangalia. Sasa tazama mkono wa mwanangu."

"Nimeutazama, baba. Kosa ni langu. Nilipima vibaya. Nitaitengeneza, hutatoa kitu."

"Bwanausi," Mahfoudh akanigeukia, "wewe ulikuwepo. Hukuona lolote?"

"Macho yangu unayajua," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwa huruma. Ananihurumia mimi.

Jumatatu, 3 Februari

Ashatu kauza kompresa na mashine ya kuchomelea. Waliokuja kuchukua ni vijana wa Vigwaza. Mmoja kasema mashine imetunzwa kama ya hospitali. Pistoni na hedi ya kutumika zimeshanunuliwa Dar.

Jumamosi, 8 Februari

Haikuingia hata gari moja. Yule mteja niliyemwambia mimi ni spea kapita na gari yake, kaongeza mwendo.

Jumatano, 12 Februari

Shufaa kanikalisha baada ya chakula. "Bwanausi, mwezi mzima hujamtukana mtu. Hata jirani kauliza kama umepooza. Nani kafa?"

"Hakuna."

"Basi una mwanamke."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, nikakosa. Kanitazama, kachukua sahani, kaondoka. Miaka arobaini na sita, hiyo ndiyo mara ya kwanza kutonimaliza kwa maneno.

Jumanne, 18 Februari

Pikapu imewaka. Ashatu kaiunga peke yake, usiku na mchana, injini inatulia kama paka. Kafunga geji, kajaribu, kumi na nne. Kajaribu tena. Kumi na nne. Kajaribu mara saba, na kila mara alishuka na uso mzito zaidi, maana ikiwa kipimo chake ni sawa leo, basi siku ile ilikuwaje?

"Mjomba, nafunga banda," akasema. "Mwezi wa Ramadhani ukiandama namrudishia mwenye banda funguo. Kuna gereji kubwa Dar wamekubali kunichukua kuosha vipuri."

"Wewe uoshe vipuri?"

"Mtu asiyejua alikosea wapi hafai kushika spana. Watu watakufa."

Nilitia mkono mfukoni nikashika kikopo. Kilikuwa cha moto kwa joto la mwili wangu. Nikautoa mkono mtupu.

Jumatatu, 24 Februari

Leo nilitoka kwenda kumwambia. Kr, kr, kr, mpaka mlangoni. Alikuwa anapanga spana zake ndani ya gunia, moja moja, amezifunga kwa magazeti.

"Nimekusikia tangu kwa muuza mkaa," akasema. "Iache baiskeli, nikuangalizie hilo gurudumu kabla sijaondoka. Ndilo la mwisho nitakalokufanyia."

Nikamwambia halina kitu, ni uzee. Nikageuza, nikarudi nyumbani. Nimeikimbia spana ya mpwa wangu.

Ijumaa, 28 Februari

Leo tumevunja jungu, karamu ya mwisho kabla ya mfungo. Shufaa kapika pilau tangu alfajiri, kamwita Ashatu, na bila kuniambia kawaita Mahfoudh na Muadh. Kasema mwezi haufungwi watu wana vinyongo. Tulikaa mkekani baada ya sala ya Ijumaa, masinia mawili. Muadh anakula kwa mkono wenye ngozi mpya, ya waridi, haijakubali jua.

Kama kawaida yetu, kabla ya kutawanyika watu wakaombana radhi. Mahfoudh akaanza. "Ashatu, mwanangu, nilikutamkia maneno mazito, na gari umelirudisha zima. Nisamehe."

"Umesamehewa, baba. Na wewe nisamehe, na Muadh anisamehe mkono wake."

"Dada, mkono niliuunguza mwenyewe," Muadh akasema. "Nani kaniambia nishike rejeta ya moto?"

Wakageuka kwangu.

"Na wewe, Bwanausi," akasema Mahfoudh. "Matusi ya mwaka mzima. Anza."

Nikasema, "Injini niliiua mimi. Nilitia gololi kwenye mpira wa tabo."

 Mahfoudh akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwaka juzi alisema yeye ndiye aliyemla mbuzi wangu wa akika."

"Si gololi, ilikuwa dua," Muadh akasema. "Dada, hukuambiwa? Babu aliisomea gari lile."

"Nasema kweli," nikasema. "Tarehe tatu Desemba. Ashatu alikwenda kununua filta."

Wakacheka zaidi, kwa sababu ya ile tarehe. Shufaa akacheka. Na Ashatu, ambaye sijamwona jino lake tangu Januari, akaegemea ukuta akacheka, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mjomba," akasema, "unajitwisha lako na langu. Mungu akulipe."

Hapa naandika jambo ambalo ni baya kuliko gololi. Niliona njia. Nimeshakiri, mbele ya mashahidi wanne, siku ya Ijumaa. Wao ndio waliokataa. Ningeweza kunawa mikono, nikafunga mwezi wangu, na Ashatu akaenda Dar akiamini mjomba wake ana roho nzuri. Nilikaa na wazo hilo muda wa matonge mawili. Lilikuwa tamu.

Kisha nikatoa kikopo cha ugoro, nikakimimina kwenye sinia. Ugoro ukamwagika juu ya pilau, na gololi ikabingirika, ikasimama mbele ya Ashatu penye mfupa.

Hakuna aliyecheka. Shufaa alitazama pilau lake, akanitazama mimi.

Ashatu aliiokota. Akaipangusa, akaipima kati ya vidole. Akaondoka mkekani akatoka nje. Tulimsikia akiipindua baiskeli. Nilimfuata mpaka mlangoni, sikuthubutu kuvuka. Alifungua ekseli ya gurudumu la mbele, akatandika gazeti, akazimwaga. Alihesabu upande wa kwanza kwa sauti, kama mwalimu. Kumi. Akahesabu wa pili. Alipofika tisa alikaa na kidole hewani.

"Ile klipu," akasema.

"Ndiyo."

"Niliuliza mbele yako nilikuwa nawaza nini. Ukaniambia nilichoka."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mkono wa Muadh ulipoungua, wewe ulikuwa nayo mfukoni?"

"Bado ilikuwa ndani ya mpira. Niliitoa jioni ile, wewe uko hospitali."

Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nina uzoefu nayo. Alizipaka grisi gololi zote, akazipanga, na ile ya kumi akaitia mahali pake. Akakaza, akazungusha gurudumu kwa kidole. Likazunguka bila mlio, muda mrefu.

Mahfoudh alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ashatu," akasema, "hizo mashine ulizouza..."

"Tutazungumza, baba. Mimi na wewe." Kisha kwangu: "Mjomba, radhi nitakupa. Najua nitakupa, wewe ni ndugu ya mama yangu. Lakini si leo. Na gerejini usije mpaka nikuite."

"Banda hufungi?"

"Nifunge kwa kosa gani?"

Akaingia ndani kumsaidia Shufaa kutoa vyombo. Sinia lile hakuna aliyeligusa.

Jumapili, 2 Machi

Mwezi umeandama, tumefunga. Shufaa anasema na mimi kupitia paka.

Nimeorodhesha mwishoni mwa daftari, kule nilikotakiwa kuandika tangu mwanzo, majina ya wateja wote waliomkimbia Ashatu. Ni kumi na mmoja. Asubuhi nimetoka kwa baiskeli. Haitoi hata mlio. Nimepita kwa muuza mkaa, hakuinua kichwa. Nimewapita watoto, hakuna aliyeita babu.

Nyumba ya kwanza ni ya yule aliyeuliza fundi yuko wapi. Nilisimama mlangoni kwake kitambo. Gololi sina tena ya kumwonyesha, imo ndani ya gurudumu, na huyu ananijua kwa mzaha tu.

Nikapiga hodi. Alipofungua alianza kutabasamu kabla sijasema kitu.

"Ni mimi Bwanausi," nikamwambia. "Subiri kwanza, usicheke."